Jahazi letu nalo lipewe nyumba kabla halijageuzwa viti

Mhariri,

Salaam aleikum wewe na wasomaji wote. Kuna ndugu mmoja wa Malindi aliwaandikia juzijuzi akasema Lamu mgeni humaliza kila kitu kabla ya adhuhuri, ati ngome, punda, picha ya mlango, basi arudi hotelini akalale, na akafunga barua kwa kusema mwenye hamu ya makumbusho ya maana akate tiketi aende Ulaya. Mimi sina ugomvi na watu wa Malindi, dadangu ameolewa huko kwenye Shela yao ya Malindi, sio Shela yetu ya Lamu, na nguzo yao ya Vasco da Gama nimeikalia kivulini mara nyingi nikila mahindi ya kuchoma. Lakini hio ya Ulaya imenichoma manake Ulaya nimefika, na nilichokiona kule ndo hasa kimenifanya nishike simu nianze kuandika saa hizi za usiku, kuomba jahazi moja la kwetu Lamu lihifadhiwe kama wale wanavyohifadhi meli zao.

Kiangazi cha 2023 nilikuwa kazini kwenye meli moja ya kitalii, idara ya kufua, mashuka na mataulo hayaishi, tukizunguka bahari ya Baltiki. Kila baada ya siku kadhaa tulikuwa tunafunga gati Tallinn, mji mkuu wa Estonia, asubuhi tunaingia jioni twang'oa. Sisi mabaharia tulipewa masaa manne au matano ya kushuka kwa zamu, wenzangu wakishuka wanatafuta wifi ya bure na duka la bei nafuu, mimi nikishuka natembea. Nilishuka mara sita kwa jumla kwa hio ule mji niliusoma kama gazeti la kuazima, ukurasa leo ukurasa wiki ijayo.

Ukiuona kwa sura haufanani na kwetu hata kidogo, mawe ya kijivu, paa nyekundu za ncha, minara ya makanisa, mmoja wa kanisa la Oleviste una mita 124 na ukiwa baharini huo ndo unaouona kabla hujauona mji. Kufanana kuko kwenye tabia. Ni mji wa bandari uliotajirika kwa kukaa katikati ya biashara ya wengine, chumvi inakuja na meli kutoka magharibi inashushwa hapo, wakati ule ukiitwa Reval, alafu inapanda kwenda Novgorod kwa Warusi, na kwa Warusi zinashuka ngozi za manyoya na nta. Sisi boriti na pembe zikienda Arabuni na kusi, tende na mazulia yakija na kaskazi, si mambo ni yale yale? Mji wao wa kale uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 1997, wetu 2001, yaani ni ndugu wa kuachana miaka minne. Hata mitaa ina majina ya utani kama ya kwetu, kuna kichochoro kinapanda mlimani kinaitwa Pikk jalg yaani Mguu Mrefu, na chenzake Lühike jalg, Mguu Mfupi. Shida yangu ilikuwa maghrib tu, mwezi wa sita jua linazama saa nne na nusu usiku, ukimaliza isha alfajiri hio imeshabisha hodi, mpishi mmoja wa Tanga tuliekuwa nae alisema anaefunga Ramadhani ya kiangazi huku apewe medali.

Sasa siku ya kwanza nilikwenda kwenye mnara mmoja wa mizinga, umejengwa 1475, mita 38 kwenda juu, jina lake Kiek in de Kök. Hicho ni Kijerumani cha zamani cha pwani ile na maana yake ni Chungulia Jikoni, kwa sababu askari wakikaa juu waliweza kuona mpaka masufuria ya watu chini. Leo ni makumbusho na chini yake kuna mahandaki unaingia unatembea. Wallahi nilicheka peke yangu watu wakanitazama. Kwetu nyumba nzima imejengwa ili usichungulie! Daka, yaani baraza ya mlangoni, liko nje na viti vyake mgeni akae hapo, ukivuka mlango unakutana na tekani kwa kona hata ukinyoosha shingo kama twiga huoni kiwandani, yaani uani, na juu kuna wikio linavuka mtaa ili mwanamke atoke nyumba hii aingie ile bila kukanyaga njia. Mimi sasa nimerudi nyumbani natembeza wageni (siandiki gaidi kama vijana wanavyojiita, hilo neno kwa Kiswahili lina kesi), na kila siku naona mgeni anapita chini ya wikio anadhani limejengwa kuzuia mvua. Wale wametengeneza makumbusho ya kuchungulia na watu wanalipa kuingia, na sisi tuna mji mzima wa kutochungulia.

Hapo uwanja wa mbele ya jumba la baraza la mji, jumba lilimalizwa 1404, kuna duka la dawa linatajwa kwenye maandishi tangu 1422 na mpaka leo linauza dawa. Nilikuwa na kikohozi nikanunua vidonge vya kumung'unya, bei kali, lakini pembeni wameweka vichupa na mitungi ya dawa za kale unatazama bila kulipa chochote. Nikamkumbuka mzee wa mtaani kwetu Langoni anaeuza ubani na habasoda, duka lake nalo lina droo ambazo hajafungua tangu nikiwa mdogo.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Barabara ya Pikk kuna nyumba inaitwa Mustpeade maja, Nyumba ya Vichwa Vyeusi. Nilisimama nikadhani nimesoma vibaya. Ilikuwa ni chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa, tena wageni wageni, na mlinzi wao waliomchagua ni Mtakatifu Mauritius ambae huchorwa mtu mweusi, na kichwa chake ndo alama yao. Mlango wenyewe umechongwa na kupakwa rangi, kijani na nyekundu na dhahabu, na huyo mtu mweusi yuko pale pale mlangoni anakutazama. Mimi nimekulia kwenye milango ya kuchonga, babu yangu alikuwa ananipeleka kusoma nakshi kama wengine wanavyosomeshwa juzuu, lakini kukutana na mlango wa kuchongwa Baltiki una uso kama wa mjomba wangu, hapo niligusa ubao kabisa. Mlinzi hakuniambia kitu. Nadhani alielewa.

Mengine nitapita haraka. Kanisa la Niguliste, lililoungua kwa mabomu ya Machi 1944 likajengwa upya, leo ni makumbusho na ndani kuna mchoro wa Bernt Notke wa mwisho wa karne ya 15, urefu kama mita saba na nusu, mauti wanacheza ngoma na papa na mfalme na malkia, wamewashika mikono wanawavuta, nao wakubwa wamekunja nyuso. Ulipona kwa sababu uliondolewa kabla ya mabomu. Hoteli ya Viru ilifunguliwa 1972 enzi za Wasovieti, lifti ilikuwa inaishia ghorofa ya 22, ya 23 ati haikuwepo, kumbe ndo majasusi wa KGB wamekaa huko wanasikiliza wageni, sasa hio 23 imekuwa makumbusho tangu 2011, mimi sikuingia nafasi zilijaa ni lazima uweke mapema. Kumu makumbusho ya sanaa ni kubwa, nilichoka miguu. Abiria wetu wengi walikuwa wananunua kadi ya mji, ya masaa 24 au 48 au 72, ukiwa nayo unaingia karibu kila makumbusho na basi unapanda, sikuinunua manake masaa yangu ni manne na mshahara wangu munaujua nyinyi.

Lakini haya yote yalikuwa utangulizi. Siku ya nne nilikwenda kwa Margareeta Mnene. Ndo jina lake, Paks Margareeta, ni mnara mfupi mpana wa karne ya 16 karibu na bandari, kuta zake zinafika karibu mita tano unene, na ndani ni makumbusho ya bahari. Nimeingia, nimepita mambo ya dira na ramani, alafu nikafika mahali taa ni hafifu na mbele yangu imelala meli. Sio mfano wa meli, ni meli yenyewe, mbao nyeusi kama mkaa, ya karne ya 14. Mwaka 2015 mafundi walikuwa wanachimba msingi wa majengo, sehemu ambayo zamani ilikuwa bahari sasa ni nchi kavu, wakaikuta udongoni. Hawakuifukia usiku usiku ili kazi iendelee, walisimama, wakaitoa, wakaitibu mbao zake miaka, na makumbusho yalipofunguliwa upya 2019 ikapewa chumba chake.

Nilikaa pale karibu nusu saa na zamu yangu inaisha. Mbao za ubavuni zimepandiana, huu juu ya ule, kama magamba ya samaki, sio zimelazwa ukingo kwa ukingo kama tunavyofanya sisi. Unaona mahali msumari uliingia, kutu imekula ubao ikaacha duara jekundu. Unaona shoka lilipopita, yule fundi alikuwa anakata kwa kuelekea kwake, nikamwambia kimoyomoyo wewe ungejikata siku moja. Miaka kama 700 na kazi ya mkono wa mtu bado inasomeka! Kando yangu alikuwepo mtoto wa miaka sita hivi na babu yake, babu anamwonyesha kwa kidole kitu kimoja kimoja na mtoto anarudia jina lake kwa Kiestonia. Sikuelewa hata neno moja ila nilijua kinachofanyika, hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi majina ya chombo na tanga lake, mkuku, hanamu, fashini, mataruma, mlingoti, foromali, demani, joshi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta nikapiga simu nyumbani kumuuliza mjomba kama lile jahazi kuukuu la Matondoni bado lipo.

Na usidhani ni bahati ya mara moja. Mwaka 2022 wakakuta nyingine mtaa wa Lootsi, hii urefu mita 24, wajenzi tena, na hio nayo wakaibeba mpaka Lennusadam. Lennusadam ni hanga za zamani za ndege za majini, zilijengwa 1916 na 1917 kwa zege jembamba lililopinda kama ganda la yai, zikakaa kuharibika miaka mingi, 2012 zikafunguliwa kama makumbusho. Katikati kuna nyambizi Lembit, imeundwa Uingereza ikashushwa majini 1936, karibu mita 60, unaingia ndani unapita kichwa umeinamisha, unaona vitanda vya mabaharia viko kando ya topedo, mtu analala na bomu kama analala na mkewe. Ilikaa majini mpaka 2011 ndo wakaivuta juu. Nje gatini imefungwa meli ya kuvunja barafu ya mvuke, Suur Tõll, ya 1914. Yaani wale watu wakiona chombo kizee swali lao la kwanza ni tutakiweka wapi.

Haya turudi Amu, yaani Lamu kwetu.

Mjomba wangu ni fundi wa majahazi wa Matondoni, sasa macho hayaoni vizuri, mkono bado. Jahazi nililomuulizia kwenye simu lilikuwa halipo. Lilikaa juu ya mchanga misimu mitatu, likaliwa na jua, mwenyewe akapata mnunuzi, likapasuliwa. Mbao za jahazi kuukuu zina soko siku hizi, zile zenye rangi imebanduka na alama za misumari, zinafanywa meza na fremu za vioo na viti vya kuegemea. Sijali mtu kuuza mali yake, mwenyewe ana watoto wa kusomesha. Lakini mwezi uliopita niliwapeleka wageni kwenye nyumba moja huko Shela, ya kwetu, wakakalia kochi zuri sana, mama mmoja akaniuliza hii imetengenezwa na nini, nikaitazama nikajua, hayo yalikuwa mataruma, mbavu zenyewe, bado zina mpindo wa tumbo la chombo. Nikamwambia. Akafurahi akaipiga picha. Mjomba nilipomsimulia alinyamaza alafu akaniuliza tu, "Waketi yuu ya mbavu?"

Najua mtanijibu kwamba Lamu ina makumbusho na yana vyombo, ni kweli, mle kwenye nyumba ya mbele ya bahari kuna mifano ya majahazi na mitepe, kazi nzuri ya mkono, mimi mwenyewe huwapeleka wageni na huwa nawaonyesha mtepe jinsi ulivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na tanga lake la mkeka. Ngome tunayo, imejengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela mpaka 1984 sasa watu wanafanya harusi na maonyesho. Posta ya Wajerumani tunayo, 1888 mpaka 1891, miaka mitatu tu lakini iko. Kwa hio yule ndugu wa Malindi amekosea kusema hakuna cha kuona. Ila chombo kizima, cha mtu kuingia akasimama kwenye mkuku na kutazama juu kwenye mlingoti, hicho hatuna mahali kimewekwa kikae. Na mtoto hawezi kuingia ndani ya mfano uliowekwa juu ya meza. Mtepe tumeachiwa mifano kwa sababu waliokuwepo wakati unaisha hawakuweka hata mmoja kando, na mimi sitaki mjukuu wangu aandike barua kama hii kuhusu jahazi.

Ninachoomba ni kidogo mpaka naona haya. Banda la makuti, refu, karibu na maji lakini maji ya bamvua yasifike. Jahazi moja lililostaafu, lisiliwe na msumeno, lipandishwe juu ya magogo. Litiwe kalafati kama kawaida, lipakwe sifa (mafuta ya papa) na deheni kama bado linakwenda baharini, na kazi hio ifanywe mbele ya watu na wazee wenyewe wanaoijua, walipwe kwa kiingilio. Vibao viandikwe Kiswahili kwanza na jina la Kiamu lisiachwe, alafu lugha zingine ndo zifuate. Estonia ni nchi ya watu milioni 1.3 hivi, na popote nilipoingia Kiestonia kiko juu. Sisi tunaozungumza lugha inayopita mipaka ya nchi kadhaa, vibao vingi mjini ukivisoma utadhani mji huu ni wa wageni na sisi ndo tumekuja kutembea.

Na nimejaribu njia za kawaida msidhani nakimbilia gazetini tu. Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikapewa kiti na maji baridi, nikaambiwa wazo ni zuri niandike. Nikaandika kurasa nne na michoro, nikaipeleka. Wakasema ni nzuri sana ila irudi kwa Kiingereza. Barua ya jahazi! Nikatafuta kijana akanitafsiria, foromali ikamshinda akaiacha hivyo hivyo, nikairudisha. Mara ya tatu nilipokwenda kuuliza mwenye faili amehamishwa na faili haijulikani imeshuka bandari gani. Sikukasirika, mimi nimefua mashuka ya watu elfu mbili nina subira. Ila mchwa hawana.

Kwa ndugu yangu wa Malindi, karibu Amu, teremka kwa boti kutoka Mokowe uniulizie pale gatini, nitakutembeza bure siku mbili kamili na hutamaliza. Usije na sendo za kuteleza tu, na punda akipita mpishe.

Kwa wengine, liko jahazi moja hivi ninavyoandika, limeegeshwa upande wa Matondoni, mbao za chini nzima, mlingoti wake mmoja tu ndo umepasuka. Mwenyewe ameshafikiwa na mnunuzi wa samani kutoka Mombasa na bei wamekubaliana. Nimekwenda kwake na mjomba, tumekunywa kahawa tungu mpaka isha, akasema kwa heshima ya mjomba atangoja mpaka kaskazi ianze kuvuma. Mjomba kabla ya kuondoka akaliendea gizani, akapapasa ubavu wake kutoka hanamu mpaka fashini, akahesabu mataruma kwa mkono, kumi na tisa kila upande, akasema hakuna hata moja lililooza.

Ni mimi,
Baharia wa zamani,
Langoni, Lamu